Harusi Unguja: Wageni Wetu Wafanye Nini?

Mdogo wangu alipoolewa Mji Mkongwe, mimi nilikabidhiwa wageni waliotoka nami Birmingham: wanangu wawili na wauguzi wenzangu watatu. Zamu za wodini nimezizoea, lakini hii ilinitoa jasho. Ukipewa kazi kama hiyo, haya ndiyo niliyojifunza.

Siku ya kwanza msiende mbali. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, tulikwenda sokoni Darajani kuona samaki, karafuu na mdalasini. Wenzangu wakanunua kanga, maana mjini hapa mabega na magoti hufunikwa. Kutoka hapo tukaenda Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Mwanangu wa miaka tisa, ambaye hachoki kusema, alinyamaza hadi tulipotoka nje. Jioni tulikula urojo na mishikaki Forodhani.

Siku ya pili tulipanda mashua hadi kisiwa cha Changuu, kama nusu saa hivi, kuwaona kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli. Bebeni kofia na maji. Mtoto aliyezoea mawingu ya Birmingham huchoshwa na jua upesi.

Siku ya hina nilikuwa nimepanga msitu wa Jozani, kuwaona kima punju. Gari lilikwisha fika mlangoni mama aliponiita kando.

"Mwanangu, wajukuu zangu wamekuja kuona kima au kuniona mimi?"

Niliona haya. Wanangu walikuwa wakimjua bibi yao kwa simu tu, nami kwa siku mbili nilikuwa nimewazungusha kama watalii. Wenzangu wakaenda Jozani, sisi tukabaki. Mchana kutwa wanangu walikaa mkekani wakitunga asumini na bibi, naye akiwasahihisha Kiswahili chao bila kuwacheka. Binti yangu alipopakwa hina mikononi, hakutaka hata kunawa.

Basi ndugu yangu, unapowapangia wageni wako ratiba, Darajani, Changuu na Jozani viwemo. Ila kama una watoto waliozaliwa ugenini, acha siku moja nzima bila safari. Na usiiweke mwisho, siku ya kufunga mizigo. Mimi nilipata siku hiyo moja tu, tena kwa kukemewa.