Ng'ombe wa Haraka Hana Bei

Mwaka jana, hapa kwetu Serengeti, mtoto wangu wa darasa la tatu na mwenziwe, mtoto wa jirani yangu, walishikwa na homa katika juma moja. Mimi nilikwenda hospitali na kadi ya bima, nikarudi na dawa. Jirani yangu alikaa siku mbili akitafuta mnunuzi wa ng'ombe wake, hata akampata mchuuzi mmoja wa Tarime. Mchuuzi alipoijua shida yake, akapunguza bei. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini zizi lilipungua.

Jirani akaniuliza, "Mwalimu, mbona wewe hukulipa kitu?" Nikamjibu, "Nimelipa, ndugu yangu. Mimi hulipa kila mwezi, hata niwapo mzima, na mwajiri wangu hulipa pamoja nami." Akanyamaza, kwani mkulima hana mwajiri.

Kunyamaza kwake kumenikaa moyoni. Miaka mingi hospitali za Serikali zilitibu bure. Lakini dawa zikawa haba, na mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga ilijaribu njia nyingine: kila nyumba itoe fedha kidogo mara moja kwa mwaka, nayo Serikali iongeze kiasi kile kile. Mwaka 2001 ikatungwa sheria ili wilaya nyingine zifuate. Mifuko ile ilisaidia, ila wengi hawakujiunga, na mfuko wa wachache hukauka upesi.

Wako wasemao, Serikali na ipange bei tu, yatosha. Lakini tarehe 1 Machi 2024 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kulipa kwa orodha mpya ya bei, baadhi ya hospitali za watu binafsi ziliacha kuwapokea wenye kadi, zikisema malipo hayatoshi. Basi aliyeumia ni mgonjwa.

Mimi naona mambo mawili yaende pamoja: bei zipangwe kwa kusikilizana, na watu wote watoe fungu lao wakiwa wazima. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ili sheria hiyo imfae jirani yangu, mkulima na atoe fungu lake baada ya mavuno, wakati fedha ipo. Na maskini wasio na uwezo watambuliwe kijijini kwa haki, bila upendeleo.

Ndugu zangu, hatungoji njaa ndipo tujenge ghala. Mbona twangoja homa ndipo tutafute fedha?