Mwana Akitaka Kuacha Chuo kwa Ajili ya Mpira

Jamaa wengi wa Darakasi wana mtoto aliye ng'ambo, na habari zake zikifika huwa ni za nyumba nzima. Mwaka huu zilitufikia sisi. Mwana wa dada yangu, aliye mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Marekani, alimweleza mamake kwamba anataka kuacha masomo akacheze mpira wa kikapu wa kulipwa. Dada alifurahi. Ami yetu alikasirika, maana mashua yake ndiyo iliyouzwa kununua tikiti ya kijana. Nami, kwa kuwa nina cheti cha ualimu na ni mtumishi wa serikali, nikatakiwa nieleze sheria inasema nini.

Zamani ligi ya NBA haikumpokea mchezaji mpaka ipite miaka 4 tangu rika lake limalize sekondari. Spencer Haywood aliishitaki, na mwaka 1971 amri ya Mahakama ya Juu ikamruhusu aendelee kucheza. Siku hizi mwanafunzi ambaye hajamaliza miaka yake ya chuo huandikisha jina katika uteuzi wa wachezaji wapya, na bado aweza kuliondoa. Wasomaji walio askari wataelewa upesi: kuandikisha jina ni mfano wa kuomba likizo, kuipita tarehe ya kujiondoa, au kufungamana na wakala asiyeidhinishwa, ndiko kuacha kazi. Na hapo ndipo wengi huponzwa, kwani tarehe ya vyuo hutangulia ile ya ligi. Anayeingoja ya pili kwa kawaida hukuta mlango wa chuo umefungwa.

Tena wateuliwa hawazidi 60 kwa mwaka, na ni wale wa duru ya kwanza tu ambao sheria huwapa mkataba wenye dhamana ya miaka 2.

Dada alinijibu kwa jina moja: Hasheem Thabeet. Naam, kijana huyo wa Dar es Salaam, aliyefiwa na baba akingali mdogo, aliondoka Chuo Kikuu cha Connecticut baada ya miaka 3, na tarehe 25 Juni 2009 akateuliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa 2 kati ya wote. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo. Mimi sioni kosa lake. Mtu aliyekaribia kileleni namna ile angengoja nini? Hata hivyo, mnamo Februari 2010, kabla ya msimu wake wa kwanza kwisha, alipelekwa ligi ya chini kwa muda, na mwaka 2014 ndio uliokuwa wa mwisho kwake katika NBA. Na huyo alikuwa wa 2. Wa 58 je?

Nikamtajia Abdi Bile, Msomali mwenzetu. Akisoma Chuo Kikuu cha George Mason alishinda mita 1500 za vyuo vya Marekani mwaka 1985 na 1987, na Septemba 1987 akawa bingwa wa dunia mjini Rome. Dada akasema mbio si mpira wa kikapu. Ni kweli.

Liko jambo la pili, lililonishughulisha zaidi. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo huruhusiwa kupata fedha kwa majina yao, na tangu 2025 vyuo vyaweza kuwalipa moja kwa moja, hivyo wengi hawaoni haraka ya kuondoka. Lakini mpwa wangu yuko kwa visa ya mwanafunzi, inayombana katika kazi za malipo. Na akiacha masomo, hiyo visa haimlindi tena.

Ligi ina kamati inayomweleza mwanafunzi makadirio ya nafasi yake katika uteuzi. Nimemwambia aiombe, kisha anitumie jibu lake kabla ya kutia sahihi popote. La wakala sikulitaka.