Chupa Ikifika Lab, Kidimbwi Kimeshabadilika

Kuna watu hapa Kerugoya ambao wakiona karatasi yenye muhuri wa maabara, mjadala umekwisha. Ukiwaambia umepima maji kwa matone uliyojinunulia mwenyewe wanakucheka, ati hiyo ni ya kuchezea na samaki wa sebuleni. Sawa, mimi nafuga samaki wa sebuleni. Lakini pia namsaidia tata yangu na kidimbwi chake huku chini kuelekea Kutus, na karatasi ya lab nusura itukosanishe kabisa na jirani. Kwa hivyo niko na la kusema.

Kidimbwi cha tata ni cha enzi ile ya mpango wa serikali wa kufufua uchumi, 2009. Wengi mnaukumbuka: vidimbwi 200 kwa kila eneo bunge, maeneo bunge 140, kila kidimbwi mita 300 za mraba na vifaranga 1,000 ndani. Piga hesabu, ni vidimbwi 28,000. Leo pita vijijini uone ni vingapi vimegeuka shamba la nduma. Cha tata kimebaki, na ndicho kinalipa karo ya binamu yangu mdogo.

Mwezi wa pili samaki wakaanza kufa. Si wote, na si mchana. Tata akiamka saa kumi na moja anakuta kumi, kumi na watano wanaelea, tena wale wakubwa wakubwa. Maneno yakaanza: jirani wa juu anapulizia kahawa dawa, halafu anaoshea pampu kwenye mfereji. Mtu akajaza maji kwenye chupa ya soda saa nane mchana, chupa ikapanda matatu, ikafika maabara kesho yake. Majibu yakaja: maji ni salama. Nusu ya familia ikasema basi jirani hana hatia. Nusu nyingine ikasema anatumia dawa isiyoonekana. Mjomba akaanza kutafuta koti lake aende kwa chifu.

Mimi nikaomba ile karatasi niisome. Jameni, muwe mnasoma hizi karatasi! Walikuwa wamepima vijidudu vya kinyesi, madini ya chuma, floridi, ukungu wa maji na pH. Hayo ni maswali ya maji ya kunywa. Oksijeni haikuwepo. Amonia haikuwepo. Dawa ya kahawa, ambayo ndiyo ilikuwa kesi yenyewe, haikuwepo. Maabara haikudanganya mtu. Ilipewa chupa bila swali, ikajibu swali ambalo watu wengi huuliza.

Na hata wangepima oksijeni, wangepima oksijeni ya nani? Maji ya kidimbwi si kama unga, ati ukiweka kwenye mfuko unabaki unga. Mchana mwani ule wa kijani unatengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku mwani huohuo unaivuta pamoja na samaki, matope na kila kitu kinachooza chini, kwa hivyo kiwango cha chini kabisa huwa kabla tu jua halijatoka. Maji ya saa nane mchana ndiyo maji ya fahari ya kidimbwi. Halafu ndani ya chupa iliyofungwa, gizani, kwenye matatu, mambo yanaendelea kubadilika. Wataalamu wenyewe wanalijua hili tangu zamani: njia ya Winkler ya kupima oksijeni, ya mwaka 1888, inataka utie dawa kwenye chupa palepale mtoni ili oksijeni ishikwe isitoroke. Sampuli ya amonia nayo hutiwa asidi na kuwekwa kwenye baridi. Chupa ya soda haina hayo.

Basi nikashuka na matone yangu. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, oksijeni ilikuwa kama miligramu 1 kwa lita. Saa tisa alasiri, 10. Siku tatu mfululizo, hivyohivyo. Sasa mniambie hiyo ni ya kuchezea. Najua matone yangu hayawezi kutofautisha 1 na 1.4, na sina haja nayo. Tilapia anaanza kuteseka ikishuka chini ya 3. Ukiambiwa nyumba inaungua huulizi ni nyuzi ngapi.

Kitu kingine ni amonia, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Matone na lab, wote kwa kawaida hukupa amonia ya jumla. Lakini inayochoma matamvua ya samaki ni sehemu yake tu, na sehemu hiyo hutegemea pH na joto. Tuseme maji yana nyuzi 25 na amonia ya jumla miligramu 2 kwa lita. pH ikiwa 7, ile yenye sumu haifiki hata asilimia 1. pH ikipanda hadi 9, ni zaidi ya theluthi moja. Maji yaleyale, amonia ileile! Na pH ya kidimbwi cha kijani hupanda alasiri kwa sababu mwani umekula kaboni dioksidi yote. Karatasi ya lab ilisema pH 7.1. Mimi pale kando ya maji, alasiri, nilisoma karibu 9. Hakuna aliyekosea kati yetu, tulipima vitu viwili tofauti.

Wanaofuga matumbawe kwenye matangi ya maji ya chumvi huko Ulaya na Marekani wanabishana hivihivi, tena kwa pesa nyingi kuliko zetu. Wanatuma vichupa kwenye maabara, vinachomwa kwenye mashine inayosoma elementi nyingi kwa mpigo mmoja: kalisi, magnesi, iodini, hadi shaba kidogo iliyotoka kwenye bomba. Matone ya nyumbani hayafikii hapo hata kidogo. Lakini mashine hiyohiyo haisomi amonia wala naitreti, kwa sababu inaona elementi, haioni zimeungana vipi. Hayo mwenye tangi anajipimia kwake.

Sitaki mtu aondoke hapa akisema nimetukana maabara. Matone yana aibu zake. Dawa hupitwa na wakati, na duka likikuuzia iliyokaa juani rafuni hutajua. Rangi nazo, ukizisoma chini ya balbu ya manjano kijani inageuka kitu kingine. Mimi husoma nje, mgongo kwa jua, na siku ya kwanza nikifungua dawa mpya napima maji yaleyale mara mbili, ya zamani na mpya. Na kuna vitu ambavyo havina haraka: ugumu wa maji, na uwezo wake wa kuhimili asidi. Maji ya mlima huwa laini, shosho alijua hivyo kwa jinsi sabuni inavyotoa povu haraka, lakini kujua utie chokaa kiasi gani kidimbwini ni kazi ya namba nzuri. Hiyo peleka lab, chupa ikilala njiani siku moja si neno.

Tata amepunguza chakula, ameacha mbolea ya ng'ombe kwa muda, na usiku anafungulia maji ya mfereji yaanguke juu ya mawe kabla ya kuingia kidimbwini. Mfereji huo unapita kwa jirani, kwa hivyo ilibidi aende kumwomba zamu ya usiku, na chai ikanywewa. Wiki ya tatu sasa, asubuhi anaokota mmoja, au hakuna.

Mjomba bado ana shaka na ile pampu. Nimemwambia ukweli: kuona samaki wakubwa wakifa kwanza, alfajiri, vyura wakiimba kama kawaida, kunanionyesha oksijeni, lakini hakuna tone langu linalopima dawa ya kahawa. Akitaka kujua hilo aende lab kweli, aulize kwanza kama wanapima dawa hiyo na kwa bei gani, aitaje kwa jina, na achukue maji siku jirani anapulizia, kwenye chupa ya glasi iliyo safi, ndani ya barafu. Juzi aliniuliza barafu inauzwa wapi Kutus.