Shoki Isiyo na Mafuta



Neno la leo: Yakobo 1:19.

Wewe wa Mikindani unazijua barabara zetu za ndani. Masika ikipita, mashimo yanabaki. Unazijua pia zile baiskeli za gia za mtumba, zenye shoki mbele na nyuma, ambazo vijana wetu huendea kazini Changamwe na Miritini. Leo shoki itatufundisha. Na kama unayo baiskeli ya namna hiyo, utapata faida mara mbili.

Shoki kamili ina kazi mbili ndani yake. Springi inapokea pigo. Mafuta yanapita kwenye vitundu vidogo na kuizuia springi isirudi kwa kishindo. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina springi peke yake, na nyingine zilikuwa na mafuta, yakavuja miaka mingi iliyopita. Jaribu: kandamiza kiti kwa nguvu, kisha achilia. Kikipanda mara moja na kutulia, mafuta yapo. Kikirukaruka kama mpira, hakuna.

Hatari iko hapo. Wakati mwingine shimo halikuangushi ukiingia. Unaanguka springi ikikurusha, gurudumu likiachana na ardhi na breki ikikosa cha kushika.

Ukinunua shoki nyingine, usichague kwa rangi. Pima ya zamani kutoka katikati ya tundu la boliti moja hadi katikati ya la pili, na mpya iwe hivyo hivyo. Ikiwa fupi, pedali zitagonga mawe. Kisha soma namba kwenye springi. 750 maana yake inahitaji pauni 750, yaani kilo 340 hivi, kuibonyeza inchi moja. Kubwa si bora! Keti juu ya baiskeli: shoki izame kama robo ya mwendo wake. Ikiwa mwendo ni milimita 40, izame 10 hivi. Isipozama, springi hiyo ni ya mtu mzito kuliko wewe.

Zenye skrubu ya kurekebisha mrejeo, ijaribu kidogo kidogo. Ikirudi haraka mno, inakurusha. Ikirudi polepole mno, mashimo yakifuatana haipati nafasi ya kuinuka, mwisho inagonga chini kabisa.

Sasa mtu wa Mungu, nisikilize. Pigo litakuja. Kodi ya nyumba imefika na mshahara haujaingia. Umekaa kwenye foleni ya malori mpaka usiku. Kupigwa si dhambi. Swali ni moja: unarudi vipi? Unafika nyumbani, mtoto anamwaga chai, naye ndiye anayelipa deni la siku nzima. Hiyo ni springi bila mafuta. Yakobo anatufundisha masikio yatangulie, mdomo ufuate, na hasira ichelewe.

Mwingine haropoki. Anameza, anameza tena, hainuki. Watu wanamsifu kuwa mpole, kumbe ameshagonga chini, na moyoni kuna uchungu tu. Huyo naye anahitaji kurekebishwa. Waefeso 4:26 inatuonya tusilale na hasira. Sema kwa upole, samehe, inuka.

Na mafuta, mpendwa, hayafanyi kazi yakipakwa nje. Unaweza kuisugua shoki mpaka ing'ae, na bado itakurusha. Ndivyo ilivyo kwetu: tunapakwa mafuta kwenye paji la uso, tunanena kwa lugha Jumapili, na Jumatatu jirani anasikia matusi ukutani. Roho Mtakatifu anataka kukaa ndani, pale pigo linapofika, ili upole na kiasi vitangulie kabla ya ulimi.

Leo kuna mtu uliyemrushia neno. Mke wako, kondakta, mwanao. Kabla jua halijazama, mtafute. Umwambie, "Nisamehe." Usiongeze sababu.

Omba nami: Baba, mapigo unayajua na uzito wangu unaujua. Nijaze Roho wako ndani, nisimrudishie mtu pigo lisilo lake. Katika jina la Yesu. Amina!

Kama umepokea, andika AMINA, kisha umtumie mwenzako.