Kibano cha flashi

Jumanne, 15 Julai 2025
Stendi imeangushwa tena. Ni kwenye ile sendofu ya Jumamosi: ukumbi mdogo, mashangazi wanaingia wakicheza, mguu wa stendi uko njiani. Namshukuru Mungu hakuumia mtu. Ikabidi nipachike flashi juu ya kamera hadi mwisho, na picha ni zile zile nisizozipenda: nyuso bapa, mapaji yanang'aa, kivuli cheusi nyuma ya kila kichwa. Nimezikabidhi kwa shingo upande.

Jioni nimekaa natazama nondo za dirisha letu. Nyumba gani Dar haina nondo?

Alhamisi, 17 Julai
Gerezani. Kibano cha springi, kama kile seremala anachobania mbao gundi ikauke, nimekipata haraka. Bolti ndiyo iliyonizungusha. Kila duka wananipa ya milimita sita. Ukiiweka kwenye kikalio cha plastiki kilichokuja na flashi, inazunguka kidogo, inakwama, na bado inacheza. Tundu la kamera na stendi ni robo inchi, yaani milimita 6.35, na meno yake ni 20 kwa inchi. Mzee mmoja aliyepanga bolti kuukuu kwenye makopo ya maziwa alinielewa mara moja.

"Shikamoo mzee. Natafuta robo inchi, fupi."

"Marahaba. Ya meno mapana, siyo?"

Nikachukua mbili.

Fundi grili wa mtaani kanitobolea mkono wa kibano kwa biti ya 6.5. Bolti imepita kutokea ndani, nati imeikaza, kikalio kimekaa juu yake. Kwenye meno ya kibano nimefunga tyubu ya baiskeli, kisichubue rangi ya watu wala kuteleza.

Jumamosi, 19 Julai
Kipaimara, Tabata. Nimebana kwenye nondo juu ya kochi, na kamba ya kiatu nimeizungushia flashi kwa usalama. Mita mbili hadi mezani, nguvu 1/16 imetosha. Keki ilipohamishiwa mita nne, mwanga ukabaki robo, nikapandisha hadi 1/4.

Bibi alikaa ubavu kwa dirisha. Mwanga umempitia shavuni, kila kunjo lina kivuli chake chembamba, pete inaonekana hadi mkwaruzo. Hiyo picha nitaichapa kubwa.

Upande wa pili wa sebule ulibaki giza. Jumatatu nirudi kununua kibano kingine, bolti ninayo.