Barua Isiyotaja Mtu

Mwenye uwezo akitendewa vibaya hospitalini huondoka akatafuta hospitali nyingine. Mtu wa kilimani, kama tuitavyo kijiji huku Burundi, hana pa kuhamia. Muuguzi anayemlalamikia leo ndiye atakayemfungulia mlango usiku mtoto akishikwa na malaria. Nimelifikiria sana jambo hili tangu nianze kuwaandikia majirani barua zao hapa Muyinga, na bado halijanitulia.

Barua ninayoikumbuka zaidi ni ya mama mmoja aliyetozwa pesa za dawa za mtoto wa miaka 3. Alikaa barazani akanisimulia kwa utaratibu: saa aliyofika, foleni, kiasi alichotoa, risiti ambayo hakupewa. Nilipomsomea nilichoandika, akasema, "Mwalimu, litoe jina la muuguzi." Nikalitoa. "Na tarehe pia, wataijua zamu." Nikaitoa. Kisha akaomba tuanze kwa shukrani, maana muuguzi huyohuyo ndiye aliyemzalisha. Tukabaki na barua yenye heshima tele, isiyomgusa mtu yeyote.

Na haki alikuwa nayo. Mei 2006 serikali ilitangaza kwamba watoto wa chini ya miaka 5 na akina mama wanaojifungua watibiwe bure. Mwaka huohuo Human Rights Watch, pamoja na shirika la Burundi la APRODH, lilitoa ripoti juu ya wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa kukosa pesa za kulipa, wengine kwa majuma, wengine kwa miezi. Katika ripoti ile kinachonigusa ni kwamba wanyonge wale walisema. Mtu aliwaendea walipolala, akawauliza, akawasikiliza. Lakini tangazo la Mei nalo lilijaza vituo kuliko wauguzi waliokuwapo, na sina hakika kwamba malalamiko yetu huwa yanamfika anayestahili. Pengine muuguzi naye ana barua yake, na hana wa kumwandikia.

Mgonjwa huulizwa pia katika mpango wa kuvilipa vituo vya afya kulingana na kazi, ulioenea nchi nzima mwaka 2010: vyama vya wenyeji hutumwa majumbani kuhakikisha kwamba aliyeandikwa daftarini alitibiwa kweli, na kumwuliza kama aliridhika. Kwa muda mrefu niliuona kama ukaguzi wa hesabu tu. Polepole nimeanza kuuthamini: swali linamfuata mgonjwa uani kwake, ilhali sanduku la maoni linamtaka ajue kuandika, kisha alitumbukize mbele ya macho ya anaowalalamikia. Hata hivyo anayeuliza huwa mtu wa palepale, na kwetu anayekuja kukujulia hali hujibiwa kwamba ni nzuri.

Ndugu yangu wa Gitega hunihimiza tupeleke barua juu zaidi, hadi kwa Umuhuza w'Abarundi, ofisi ya taifa ya kupokea malalamiko ya wananchi, iliyopata mkuu wake wa kwanza, Mohamed Rukara, mwaka 2010. Ni ushauri mwema. Ila aliyeomba tarehe ifutwe hakuogopa umbali wa ofisi.

Siku hizi anayekuja kuandikiwa namwuliza kwanza nani mwingine kilimani kwao yalimkuta hayohayo. Wakipatikana, tunaandika kwa pamoja, na wote wanatia sahihi. Baadhi ya wazee wananionya kwamba barua ya watu wengi huonekana kama siasa, nami siwezi kuwaambia kwamba hofu yao ni ya bure. Yule mama nimemweleza habari hii. Amesema atazungumza na wenzake kwanza.