Jiko Chini ya Turubai

Nimekuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kliniki nimewaonya wanawake wengi wasilale na jiko la mkaa ndani. Leo ninawaandikia kwa aibu kidogo, maana somo hilo lilinishinda nyumbani kwangu.

Tunaishi karibu na Glasgow, huko Uskoti, nilikokuja kwa kazi. Mume wangu ni mzaliwa wa Ukerewe, mtoto wa fundi mashua. Baba mkwe alifariki mwaka 2021, na kwa masharti ya safari wakati wa korona hatukuweza kwenda kumzika. Baba Neema hakulia. Alinunua plaiwudi, akaanza kuunda mashua uani.

Ilikuwa mashua ndogo ya aina ya Mirror, yenye urefu wa mita 3.3 hivi. Aina hiyo ilitolewa Uingereza mwaka 1963 ili mtu wa kawaida aweze kujiundia nyumbani. Vipande vya plaiwudi hushonwa kwa waya wa shaba, kisha maungio hubandikwa utepe wa faibaglasi kwa gundi. Mzee wake alifanya kazi chini ya mwembe, akiziba nyufa kwa pamba. Sisi hatukuwa na mwembe, wala jua.

Gundi ile ya epoksi haipendi baridi. Yetu ilihitaji joto la nyuzi 10 au zaidi, la sivyo haikauki vizuri. Novemba ilipoingia, jua likawa linazama kama saa kumi na nusu jioni. Baba Neema akafunika mashua kwa turubai, akalifunga pande zote upepo usipenye. Alitaka kumaliza kabla mwaka haujaisha.

Asubuhi moja nikienda kazini niliona jiko letu la kuchomea nyama kando ya turubai, na mfuko wa mkaa. Nilielewa mara moja. Lakini wiki ile tulikuwa tumegombana mara mbili juu ya mashua hiyo, nami nilikuwa nimechoka. Nikasema moyoni, nitamwambia jioni. Nikapita.

Jioni nilimkuta ameketi ndani ya turubai, brashi mkononi, haipaki kitu.

"Kichwa tu, Mama Neema," alisema polepole. "Ni uchovu."

Alipojaribu kusimama, magoti yalilegea. Nilimburuta nje, nikapiga simu 999.

Akina mama, mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu anapumua lakini mwili wake unakosa hewa safi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Wengi hudhani ni uchovu au malaria. Mtoeni mgonjwa nje upesi, kisha mpelekeni hospitali apewe oksijeni, hata akisema amepata nafuu.

Usiku ule, barakoa ya oksijeni ikiwa usoni, mume wangu aliniambia, "Nilitaka mzee aione." Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nami nikamwomba msamaha, kwa kuwa niliona jiko nikanyamaza. Tuliomba pamoja, tukakubaliana kwamba mashua itasubiri.

Ililala chini ya turubai majira yote ya baridi. Joto liliporudi, gundi ilikauka bila moto wowote, na vijana wa kanisani wakaja kumsaidia kupiga msasa na rangi. Juni 2022 tuliishusha katika ziwa Loch Lomond. Baba Neema alipandisha tanga lake jekundu, akaita jina la baba yake kwa sauti mara moja, kisha tukaondoka pwani.

Dada yangu, huenda nawe umeona jambo la hatari nyumbani, ukaliahirisha kwa kuogopa ugomvi mwingine. Usingoje jioni. Rudi, useme kwa upole, kisha uende kazini. Mungu azilinde nyumba zenu.